Maji Yakae Wapi? Laina za Bodi ya Pikapu Miteremkoni mwa Kilimanjaro

Je, wajua kwamba rangi inayolinda bodi ya pikapu mpya, ukijumlisha praima ya chini na vanishi ya juu, ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita? Ni unene wa karatasi ya daftari. Chini yake kuna bati la chuma lenye unene wa milimita moja hivi, na hapo ndipo mtu wa Kibosho anapomwaga mawe ya msingi wa nyumba.

Mawe yenyewe si ya mchezo. Kilimanjaro ni mlima wa volkano, na miamba yake imejaa madini ya feldispa na pairoksini, magumu kuliko rangi ya gari na kuliko hata bati lenyewe. Vumbi la tambarare ya Moshi lina chembe za asili hiyohiyo. Gari likitikisika kwenye barabara ya kokoto, chembe zilizonaswa kati ya mzigo na bodi hufanya kazi ya msasa, polepole, safari baada ya safari, hadi chuma kinaanza kung'aa.

Mkwaruzo peke yake haujawahi kutoboa bodi. Kinachotoboa ni kutu, na kutu inataka vitu vitatu tu: chuma, oksijeni na maji. Ikishaanza, huvimba na kuchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana huinua rangi iliyo jirani na kujitengenezea njia ya kuendelea. Kwa hiyo anayetaka kuchagua laina, yaani kinga ya kutandaza ndani ya bodi, aulize swali moja kabla ya kuuliza bei: maji yakiingia humu, yatakaa wapi?

Pengine hakuna mahali Tanzania ambapo swali hilo lina uzito kama kwenye miteremko hii. Moshi mjini, mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, mvua ya mwaka ni kama milimita 900. Ukipanda upande wa kusini hadi ukanda wa msitu, inapita milimita 2000. Pikapu moja inaweza kuanza asubuhi kwenye vumbi na jua kali, ikafika saa nane kwenye ukungu wa Marangu, ikarudi usiku ikiwa na matope. Mizigo nayo ni ya kila aina. Mchaga mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, mlimani mara nyingi ana shamba la mahindi tambarare, na ng'ombe wake wanafugwa zizini, kwa hiyo baada ya mavuno mabua na majani hupandishwa kwa pikapu yakiwa bado na unyevu. Hupanda pia saruji, mchanga na pumba. Hushuka mikungu ya ndizi, maparachichi, maziwa, kahawa. Wengine huteremsha samadi kwa ajili ya bustani za nyanya. Desemba, wenyeji wanapomiminika kutoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi nyumbani, bodi hiyohiyo hubeba mbuzi na kreti za soda.

Laina ya kwanza ni ya kupachika: beseni la plastiki nyeusi lililotengenezwa kwa umbo la bodi ya gari fulani. Unaliweka, linakaa. Plastiki yake ni polithini nzito, ile ambayo Mjerumani Karl Ziegler aligundua mwaka 1953 namna ya kuitengeneza bila shinikizo kubwa. Yeye na Mwitaliano Giulio Natta walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1963. Dumu la lita 20 la kuchotea maji limetengenezwa kwa plastiki ya aina hiyo, na yeyote aliyewahi kulidondosha dumu kutoka kichwani anajua jinsi linavyovumilia. Bamba la plastiki hupashwa moto hadi lilegee, kisha hewa hufyonzwa kutoka chini yake ili lilale juu ya umbo. Kwa sababu hiyo laina ya Hilux haitaingia kwenye D-Max, na ya mwaka huu huenda isikae vizuri kwenye toleo la zamani.

Kwa mawe, hakuna plastiki ya kuishinda kirahisi. Jiwe likianguka, beseni hubonyea kidogo na kurudi, na bati la chini halipati hata kidonda. Likichakaa unalitoa na kuweka jingine.

Ubaya wake umejificha chini. Plastiki hii hutanuka kwa joto zaidi ya mara kumi kuliko chuma. Chukua bodi yenye urefu wa mita moja na nusu, na joto linalopanda kwa nyuzi 30 tangu alfajiri ya Machame hadi mchana wa Himo: chuma kitarefuka kwa nusu milimita hivi, plastiki kwa milimita 5 hadi 9. Basi beseni halitulii. Linajivuta na kujirudisha kila siku, na mtikisiko wa barabara unaongezea. Mchanga ulioingia kati yake na bodi unasagwa, rangi inaisha mahali pasipoonekana, na maji yaliyopenya pembeni hayana jua wala upepo wa kuyakausha. Umejenga chumba cha kutu na kukifunika vizuri. Aina zinazofungwa kwa skrubu ni mbaya zaidi, maana kila tundu lililotobolewa ni chuma kilichoachwa uchi.

Halafu linateleza. Kitu laini juu ya plastiki laini huanza kuserereka kwenye mwinuko wa nyuzi 11 hadi 15 hivi, na hapo gari limesimama. Ongeza breki za ghafla kwenye mteremko wa kutoka Mwika, ndoo za maziwa zitahamia mbele bila kuombwa. Mbuzi naye hupata tabu kusimama. Wenye busara hufunga kila kitu kwa kamba, lakini wengi wetu tunafunga mzigo mrefu tu na kuuacha mfupi ujitegemee.

Laina ya pili ni ya kupulizia, na hii ni kemia inayotokea mbele ya macho yako. Ukoo wake ni polyurethani, uliozaliwa Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937 katika maabara ya Otto Bayer. Ndugu yake mdogo anaitwa polyurea. Kuna vimiminika viwili vinavyotunzwa mbalimbali, kimoja kikiwa cha jamii ya isosayaneti. Mashine maalumu huvipasha moto hadi nyuzi 60 au 70, huvisukuma kwa shinikizo linalopita mara mia lile la hewa ya kawaida, na kuvigonganisha ndani ya bunduki ya kupulizia. Polyurea huanza kuganda ndani ya sekunde chache baada ya kutua. Inabaki ngozi ya mpira mgumu wenye vipele, unene wa milimita moja na nusu hadi tatu, iliyoshikana na bati bila nafasi ya maji kupita. Vile vipele ndivyo vinavyoshika mzigo usiserereke.

Kwa hiyo imeshinda? Ingeshinda kama kazi ingekuwa ya kupuliza tu. Kazi kubwa iko kabla ya kupuliza: kuosha mafuta yote, kukwangua bodi nzima kwa msasa hadi rangi ya kiwandani ipoteze mng'ao, kuondoa kutu mpaka kwenye chuma safi, kuziba kingo kwa karatasi. Ukipulizia juu ya kutu, umeifungia ndani ikae kwa raha. Na isosayaneti ina ugomvi na maji: vikikutana hutoa hewa ya kaboni dioksidi, na laina inajaa vitundu kama maandazi. Polyurethani ya taratibu huathirika zaidi, kwa kuwa unyevu unapata muda wa kuingilia kati kabla haijaganda. Kanuni ya mafundi wa mipako duniani ni kwamba chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Asubuhi ya masika huko juu, Machi hadi Mei, bati la gari lililolala nje linatiririka maji. Fundi anayekubali kupuliza siku hiyo chini ya mwembe, mshukuru kwa ukarimu wake uondoke.

Kuna jambo jingine ambalo gereji zetu nyingi hulichukulia juu juu. Mvuke na matone ya isosayaneti ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu ya kazini duniani, na mtu ambaye mwili wake umeshakataa kemikali hiyo anaweza kubanwa kifua kwa kiasi kidogo mno. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Mpulizaji anatakiwa avute hewa safi inayoletwa kwa bomba kutoka mbali na kazi, na watoto wanaokuja kutazama wafukuzwe. Makopo yale ya kuchanganya na kupuliza kwa kompresa ya kawaida yana kemikali ya jamii hiyohiyo, hata kama lebo ina picha nzuri.

Jua nalo lina lake. Aina za bei nafuu hupauka na kutoa unga mweupe kwa miale ya jua, isipokuwa zikipakwa tabaka la juu lenye kinga. Kupauka huko ni kwa sura zaidi kuliko nguvu, ila mwenye gari jipya hawezi kuelewa hivyo.

Uamuzi wangu basi. Anayeishi kwa kubeba mawe na kokoto achukue beseni la plastiki, kwa sharti la kulitoa na kuosha chini yake, walau kabla ya masika na baada yake. Anayebeba mabua mabichi, samadi, maziwa na mbolea kama CAN, ambayo ni chumvi inayonyonya unyevu hewani na kuharakisha kutu, apulizie, kwa sharti la kumpata fundi mwenye subira ya msasa. Mwenye kirikuu, ile pikapu ndogo, hana hata la kuchagua, kwa sababu bodi yake hufunguka pande tatu na beseni haliwezi kukaa. Asiyeweza kutimiza sharti lolote anunue mpira mzito wa kutandika sakafuni. Hauvutii, haulindi kuta, lakini unashika mzigo na unaondolewa kwa dakika moja ili bodi ikauke. Njia ya kuchomelea bati nene lenye vinundu, inayopendwa na wenye magari ya kazi, ni imara kweli, ila inaongeza uzito, na moto wa kuchomelea huunguza rangi ya upande wa chini ambako hakuna anayerudi kupaka.

Hatari moja haihusiani na kutu kabisa. Mwaka 1998, taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilitoa tahadhari kuhusu moto uliolipuka watu walipojaza petroli kwenye vyombo vilivyokuwa juu ya laina za plastiki. Petroli inapotiririka huzalisha umeme tuli, na plastiki huuzuia usishuke ardhini. Umeme hujikusanya kwenye chombo hadi uruke kama cheche kuelekea mdomo wa pampu, palipojaa mvuke. Chombo cha chuma ndicho kibaya zaidi hapo. Anayepeleka mafuta ya jenereta au msumeno wa mbao kijijini ashushe chombo, akiweke chini kwenye sakafu ya kituo, ajaze, ndipo apakie.

Na kwa anayenunua pikapu iliyotumika: beseni la plastiki jipya kwenye gari la zamani ni sababu ya kuinama. Omba litolewe. Muuzaji akisita, lala chini ya gari na uangalie pembe mbili za mbele za bodi, nyuma ya kabini, na mstari wa chini wa mlango wa nyuma. Matundu ya kutolea maji yako huko, na mara nyingi yamezibwa na matope yaliyokauka. Chukua bisibisi, gonga taratibu kwa kishikio. Bati zima hulia. Lililoliwa hutoa sauti butu, na wakati mwingine bisibisi hupita.