Udenda Si Aibu
Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, au mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson, akichuruzikwa na udenda mchana kutwa, aghalabu si kwamba mate yamezidi. Ni kumeza kunakomshinda. Kumficha uani ni kumdhulumu.

Tiba ipo. Dawa itokanayo na sumu ya botulini hudungwa kidogo kidogo katika tezi za mate, ikazuia amri ya neva. Mate hupungua kwa miezi 3 au 4, kisha sindano hurudiwa. Marekani iliidhinisha moja ya dawa hizo kwa watu wazima mwaka 2018. Yataka mtaalamu, kwani ikikosewa huzidisha taabu ya kumeza.

Twawasihi wazazi wawafikishe wagonjwa hospitalini, na wakuu wa afya wasomeshe wataalamu hao. Heshima ya mnyonge ni amana yetu sote.