Maudhui ya Usaliti katika Ndoa: Mfano wa Filamu ya "Lantana"

Mtahiniwa anapoulizwa ajadili usaliti katika ndoa, aghalabu hukimbilia kutaja nani anatembea nje na nani, kisha hufunga jibu lake kwa mawaidha. Orodha ya matendo si uhakiki. Mtahini anataka kujua msanii anasema nini kuhusu matendo hayo, na amelisemaje. Katika makala haya tutatumia filamu moja kuonyesha tofauti hiyo.

"Lantana" ni filamu ya Australia iliyotolewa mwaka wa 2001 na kuongozwa na Ray Lawrence. Mwandishi wake, Andrew Bovell, aliitoa katika tamthilia yake mwenyewe, Speaking in Tongues. Tahadhari kwa mwalimu: hii ni filamu ya watu wazima. Itazame mwenyewe, kisha uwasimulie wanafunzi yale yanayofaa.

Muhtasari

Leon Zat ni mpelelezi wa polisi mjini Sydney. Ana mke, Sonja, lakini ana uhusiano wa siri na Jane, mwanamke aliyetengana na mumewe. Sonja anamshuku, naye huenda kwa siri kumwona Dkt. Valerie Somers, mtaalamu wa ushauri nasaha. Valerie na mumewe, John Knox, wana jeraha lao: binti yao aliuawa. Usiku mmoja gari la Valerie linaacha njia mahali pa upweke. Anapiga simu nyumbani mara kadhaa, hakuna anayepokea. Hatimaye anabebwa na Nik, jirani ya Jane, kisha hajulikani aliko. Leon anapewa kazi ya kumtafuta.

Kiini cha usaliti

Hebu tuzilinganishe ndoa tatu.

Ya kwanza ni ya Leon na Sonja. Uzinzi umo. Hata hivyo, Sonja anapozungumza na mshauri wake, linalomuuma zaidi si tendo lenyewe bali kufichwa. Leon amenyamaza nyumbani muda mrefu. Ukimya huo ndio uliotangulia, hawara akafuata baadaye.

Ya pili ni ya Valerie na John. Valerie anashuku kwamba mmoja wa wateja wake, Patrick, ndiye mpenzi wa siri wa mumewe. Shaka hiyo haina msingi, kwani mpenzi wa Patrick ni mtu mwingine. Kwa hivyo uzinzi anaouogopa Valerie haupo, lakini ndoa yenyewe imekufa ganzi. Kila mmoja anaomboleza kivyake. Hiki ni kinaya kikubwa: ndoa isiyo na uzinzi ndiyo iliyobomoka zaidi.

Ya tatu ni ya Nik na Paula. Nik hana kazi, nao wana watoto wadogo wa kulea. Nik anaposhukiwa kuwa amemuua Valerie, Paula anaamini kwamba hana hatia. Sababu yake ni moja: mumewe amemwambia hivyo. Baadaye tunajua kwamba Valerie alishikwa na hofu Nik alipokata njia ya mkato. Aliruka kutoka garini, akakimbia gizani, akaanguka na kufa. Hakuna muuaji. Kilichomuua ni hofu ya mtu ambaye amepoteza uwezo wa kumwamini mwenzake.

Kutokana na ulinganisho huu, tunaweza kuitaja dhamira: ndoa hujengwa na kubomolewa na kusadikiana, na uzinzi ni dalili tu ya ufa uliotangulia. Zingatia kwamba filamu haimtetei Leon. Inaonyesha maumivu anayoyasababisha kwa Sonja na kwa Jane pia.

Mbinu za kisanaa

Jazanda. Lantana ni mmea tunaoujua hapa Kenya, katika nyua na malisho. Maua yake yanapendeza, lakini ndani ni matawi yaliyosokotana yenye miiba. Filamu inaanza kwa kupenya ndani ya kichaka hicho, tukauona mwili wa mwanamke. Ndoa hizi nazo zina maua nje na miiba ndani.

Taharuki. Tunauona mwili mapema bila kujua ni wa nani, hivyo tunamhofia kila mwanamke.

Sadfa. Mshauri aliyepotea ni wa Sonja, na shahidi aliyemwona Nik akitupa kiatu kichakani ni Jane. Upelelezi unamrudisha Leon nyumbani kwake. Anasikiliza kanda ya mazungumzo ya Sonja na Valerie, naye, aliyezoea kuwahoji wengine, anajikuta akisikia ushahidi wa mkewe mwenyewe. Sadfa hapa inafanya kazi ya kimaudhui. Usiitaje tu na kuiacha.

Ulinganishi

Mwalimu anaweza kulinganisha hali hii na ya Bwana Maksuudi katika Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed. Maksuudi anawafungia mkewe na bintiye ndani huku yeye mwenyewe akitembea nje. Usaliti wake umefungamana na unafiki na mamlaka ya mwanamume katika jamii. Usaliti wa Leon umefungamana na upweke na ukimya. Neno ni moja, ujumbe ni mbalimbali. Mtahiniwa anayetumia jibu lilelile kwa kazi zote mbili hajasoma hata moja.

Zoezi

"Yawezekana pakawa na usaliti katika ndoa hata pasipo uzinzi." Thibitisha ukweli wa kauli hii ukirejelea kitabu chochote ulichosoma.

Unapojibu, kwanza eleza unachokielewa kwa neno usaliti. Pili, toa mifano kutoka kitabuni, na kwa kila mfano ueleze chanzo na athari. Mwisho, sema mwandishi anatuelekeza wapi. Mawaidha yako mwenyewe yaweke kando, mtahini hayatuzi.