Mama Mwenye Mimba, Mikrobe Iliyojificha, na Maneno ya Watu



Mwezi huu tuzungumze jambo ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini. Mtoto anazaliwa vizuri, analia, jamaa wanafurahi. Siku ya pili anakataa kunyonya, anapumua mbio mbio, na kabla ya jua kushuka amekufa. Hapo maneno yanaanza. Mmoja anasema, "Ni ulozi." Bwana naye anarudi toka karire na kuuliza bibi yake alitembea na nani. Mama huyo, maziwa ingali inamtoka, anabeba kilio cha mtoto na haya pamoja.

Ndugu, kabla ya kuhukumu, sikia kwanza.

Vifo vingi vya namna hii vinaletwa na mikrobe. Mojawapo inaitwa streptokoke B. Inaishi ndani ya matumbo na katika njia ya uzazi ya wanawake wengi, mara nyingi bila maumivu yoyote. Mama hajui kama iko nayo. Haihesabiwi kati ya magonjwa ya zinaa kama kisonono. Bibi mwaminifu kabisa anaweza kuwa nayo.

Kule Bukavu, utafiti uliotangazwa mwaka 2014 uliikuta kwa mama karibu 20 katika kila 100 wenye mimba. Kilifi, pwani ya Kenya, utafiti wa mwaka 2016 uliikuta kwa karibu 12 katika 100. Basi hata katika viti vya kanisa letu hapa Kailo, wanaweza kuwako mama wenye kuibeba.

Je, kila mtoto atagonjwa? Hapana, usiogope. Karibu nusu ya watoto wa mama hao wanapata mikrobe wakati wa kuzaliwa. Mama hao wasipopewa dawa, kati ya watoto wao 100 anagonjwa mmoja ao wawili. Lakini ugonjwa wenyewe ni mkali: unaingia katika damu, mapafu, hata ubongo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilihesabu watoto karibu 400 000 wanaogonjwa kila mwaka, na wanaokufa si chini ya 91 000. Karibu nusu ya mzigo huo ni wa Afrika, kusini ya Sahara.

Dawa iko. Ni penisilini ao ampisilini, inayopitishwa katika mshipa wakati wa uchungu. Ni vizuri ianze saa 4 mbele ya kuzaa. Kumeza vidonge vya soko katika mwezi wa saba haisaidie kitu: mikrobe inarudi.

Kipimo chake kinaomba laboratware, na vituo vingi vya vijiji havina. Kwa hiyo alama ndizo zitatuongoza. Mama, usikawie nyumbani kama:
– maji imepasuka. Usingojee uchungu; ikipita saa 18 hatari inazidi;
– una homa wakati wa uchungu;
– uchungu umeanza kabla mimba haijatimiza wiki 37;
– mtoto wako wa zamani aligonjwa hivi. Useme hayo mapema kwenye CPN.

Na mtoto akiisha kuzaliwa: akikataa ziwa, akipumua mara 60 ao zaidi kwa dakika moja, akiwa na homa ao mwili baridi, akilegea ao kushikwa na kifafa, umpeleke kwa munganga saa ile ile, hata kama ni usiku. Usimpe maji ya majani kwanza. Ombeni Mungu mkiwa njiani.

Baba unayechimba kasiteriti, neno lako ni hili: mbele ya mwezi wa tisa, uache franga za pikipiki mikononi mwa bibi yako, tena umwambie jirani atakayemsindikiza. Maji ya uzazi haitangoja urudi toka shimoni. Nanyi vijana, mkisikia wanamcheka mama aliyefiwa, msiingie katika kicheko hicho.

Katika Yohana 9 wanafunzi walimwona mtu kipofu tangu kuzaliwa, wakamwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye ao wazazi wake. Yesu alikataa kuweka kosa juu yao, halafu akamponya. Basi, kama kuna mama katika mtaa wako aliyezika mtoto mchanga na watu wakamkimbia, juma hili umtembelee. Mwambie habari hii, ili mimba inayofuata aiseme yote kwa mzalishaji bila haya.