Dhamira Si Dhamiri: Malezi ya Dhamiri katika Mafundisho ya Kanisa Katoliki, kwa Kurejelea Arua na Koboko

Ikisiri

Makala haya yanafafanua maana ya dhamiri katika mafundisho ya Kanisa Katoliki na namna inavyolelewa, kwa kurejelea historia ya Arua na Koboko, eneo la West Nile nchini Uganda. Hoja kuu ni kwamba dhamiri isiyofundwa huweza kugeuka kuwa kificho cha kisasi au cha utii wa upofu. Kwa sababu hiyo malezi yake yanawahusu wazazi na makatekista, na pia watunga sera.

1. Utangulizi

Kiswahili kina maneno mawili ya asili moja ya Kiarabu: dhamira na dhamiri. Dhamira ni nia au kusudio. Dhamiri ni hukumu ya ndani inayopima nia hiyo pamoja na tendo lenyewe. Katika mazungumzo, na wakati mwingine katika maandishi, maneno haya hubadilishana nafasi, na athari zake huvuka mipaka ya msamiati. Anayesema kwamba dhamiri yake ni safi mara nyingi humaanisha kwamba nia yake ilikuwa njema. Katika maadili ya Kikatoliki madai hayo hayalingani, kwani nia njema haihalalishi tendo ambalo ni ovu kwa asili yake.

2. Dhamiri kama hukumu

Katika karne ya 13, Mtakatifu Thoma wa Akwino alitofautisha ujuzi wa msingi alio nao kila mtu, kwamba jema litendwe na ovu liepukwe, na namna ujuzi huo unavyotumika katika tendo mahususi. Dhamiri ni matumizi hayo ya ujuzi. Kwa hiyo inaweza kukosea. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, uliitazama dhamiri kama patakatifu ambapo mtu hukutana na Mungu na kusikia sheria ambayo hakujitungia mwenyewe.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inashikilia mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, mtu hana budi kutii hukumu ya hakika ya dhamiri yake. Pili, anawajibika kuilea dhamiri hiyo. Aliyekosea kwa kutojua jambo ambalo hangeweza kulijua hahesabiwi hatia, ingawa ovu alilotenda hubaki ovu. Aliyepuuza kuutafuta ukweli, au aliyezoea dhambi hadi moyo ukafa ganzi, hawezi kujitetea kwa ujinga wake.

3. Kumbukumbu ya West Nile

Baada ya utawala wa Idi Amin, ambaye asili ya baba yake ni Koboko, kuangushwa mwaka 1979, wakazi wengi wa West Nile walihesabiwa kuwa na hatia kwa sababu ya mahali walipozaliwa. Watu wengi sana walikimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981, askari wa serikali waliwaua raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua.

Tukio hilo lina maswali kwa pande mbili. Kwa askari, swali ni la utii. Gaudium et Spes inafundisha kwamba utii wa upofu haumwondolei hatia anayetekeleza amri ya kuangamiza watu. Kwa walionusurika, swali ni la kisasi. Dhamira ya kulipiza inaweza kuonekana kuwa deni la heshima kwa marehemu. Lakini dhamiri huuliza: ni nani hasa aliyetenda? Mwana wa adui ana kosa gani? Mantiki ya kumhukumu mtu kwa kuzaliwa kwake ndiyo iliyoua Ombaci, na mlipiza kisasi huirudia mantiki hiyohiyo.

Leo Koboko, inayopakana na Kongo na Sudan Kusini, ina makazi ya Lobule yanayowahifadhi wakimbizi kutoka Kongo. Wengi wa wenyeji waliwahi kuwa wakimbizi wao wenyewe. Kumbukumbu hiyo inaweza kuzaa huruma, na inaweza pia kuzaa kauli kwamba tuliteseka vya kutosha, sasa na wengine wajitegemee. Kumbukumbu peke yake haitoshi kuwa dhamiri.

4. Namna ya kuilea

Katekisimu inaeleza malezi ya dhamiri kuwa kazi ya maisha yote, inayoanza utotoni katika familia. Nyenzo zake ni Neno la Mungu, sala, kujichunguza, ushauri wa wenye hekima na mafundisho ya Kanisa. Vigezo vitatu huongoza kila uamuzi: ovu lisitendwe ili jema lipatikane, tuwatendee wengine kama tunavyotaka kutendewa, na upendo umheshimu jirani pamoja na dhamiri yake.

Tuchukue mfano wa mgogoro wa kuni kati ya wenyeji na wakimbizi. Kijana aliyeambiwa tu kuwapenda jirani atakwama pale wazee wa ukoo watakapomtaka awafukuze wanawake waliokuja kukata miti. Aliyezoezwa kuhoji atatenganisha mambo: madai ya kulinda msitu ni halali, kuwapiga wanawake hao si halali, na uamuzi wa ukoo haumwondolei wajibu wake binafsi.

5. Hitimisho na mapendekezo

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 29, inalinda uhuru wa dhamiri. Uhuru huo hudhoofika pasipo malezi. Tunapendekeza mambo matatu. Ufundishaji wa dini shuleni na mafunzo ya makatekista yatumie visa halisi vinavyomdai mwanafunzi atoe uamuzi na kuutetea. Mafunzo ya askari na polisi yaeleze wazi wajibu wa kukataa amri ovu. Wafasiri na waandishi wa vitabu vya kiada watenganishe dhamira na dhamiri. Neno dhamiri linatumiwa na Wakristo na Waislamu wa eneo hili kwa pamoja. Kwa hiyo linaweza kuwa msingi wa mazungumzo yao kuhusu yaliyopita na kuhusu jirani aliyeko mlangoni sasa.