Nafasi ya Ngano katika Ufundishaji wa Kiswahili Mandera

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi ya Kenya. Hata hivyo, kwa watoto wengi wa Mandera, pembeni mwa Ethiopia na Somalia, Kiswahili ni lugha ya kigeni, kwani nyumbani na malishoni husikia Kisomali au Kigarre. Aidha, baada ya shambulio la basi la Novemba 2014, ambapo watu 28 waliuawa wakiwamo walimu, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondoka. Darasa limebaki kuwa karibu mahali pekee pa kukizungumza Kiswahili.

Makala haya yanadai kwamba ngano ya kuanzia katika darasa la namna hii ni ile ambayo mwanafunzi ameshaijua kwa lugha yake. Akili isiyohangaika kutafuta maana hupata nafasi ya kushughulikia umbo.

Tuchukue ngano ya Wasomali ya mgawo wa simba. Fisi anaombwa kugawa nyama. Anampa Simba nusu, naye Simba anamng'oa jicho. Mbweha anapoombwa, anampa Simba nyama yote. Akiulizwa ni nani aliyemfundisha kugawa hivyo, anajibu kuwa ni jicho la Fisi.

Kisarufi, masimulizi haya yanadai kiambishi -ka- karibu katika kila tendo: akagawa, akampiga, akauliza. Vilevile yanazoeza upatanisho. Katika Kisomali simba (libaax) ni wa jinsia ya kiume na mbweha (dawaco) ni wa kike, na kitenzi hufuata tofauti hiyo. Katika Kiswahili wote wawili huchukua a-.

Kimatamshi, Kisomali hakina sauti p, hivyo "paukwa" huelekea kuwa "baukwa". Mwitikio wa "pakawa", ukitamkwa na darasa zima, humzoeza mwanafunzi bila kumfedhehesha. Kisomali nacho kina mwito wake, sheeko sheeko, unaoitikiwa sheeko xariir. Neno la mwisho ni "hariri" yetu.

Tahadhari moja yafaa kutajwa. Mwanafunzi Mwislamu hulijua neno "hadithi" kwanza kama kauli ya Mtume. Kumwambia "hadithi njoo, uongo njoo" kwaweza kumkwaza. Afadhali kutumia "ngano" au "kisa".

Faida ya kijamii hupatikana baada ya masimulizi. Wanafunzi wakiigiza, kosa la lugha huwa la Fisi, si la mtoto, na hata mwenye haya huthubutu kusema. Kisha waulizwe nyama ingegawanywaje kwa haki. Hapo ndipo wanapohitaji maneno ya kuomba zamu, kupinga bila kutukana na kukubaliana. Katika kaunti ambayo maji na malisho hugombewa, swali hilo si mchezo mtupu.

Kwa hiyo yafaa vyuo vya ualimu vimfundishe mwalimu mtarajiwa kukusanya ngano za mahali atakapofundisha kabla hajafungua kitabu cha kiada.