Kuona Bila Kuonekana: Safari ya Miwani ya Kijeshi ya Usiku

Watu wengi hudhani miwani ya kuonea usiku humwezesha askari kuona kwenye giza totoro. Si kweli. Miwani ya kawaida ya jeshi hukuza mwanga uliopo, uwe wa mwezi, wa nyota au wa taa za mji wa mbali. Ndani ya pango lisilopenywa na mwanga wowote, aliyeivaa haoni kitu. Waliounda vifaa hivi tangu mwanzo walikuwa na swali moja gumu: askari ataonaje usiku bila yeye mwenyewe kuonekana?

Jibu la kwanza lilikuwa taa isiyoonekana. Mwaka 1934, Gilles Holst na wenzake katika maabara ya Philips, Eindhoven, walitengeneza mrija wa kioo uliogeuza mionzi ya infraredi, ambayo jicho haliioni, kuwa picha. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, majeshi yaliichangamkia mbinu hiyo. Mwishoni mwa vita Wajerumani walifunga darubini iitwayo Vampir juu ya bunduki ya StG 44, pamoja na taa ya infraredi, huku askari akibeba mgongoni betri ya zaidi ya kilo 10. Wamarekani nao walitumia bunduki za aina hiyo Okinawa mwaka 1945.

Udhaifu wake ulikuwa wazi. Taa hiyo ilimficha askari dhidi ya macho matupu tu. Adui mwenye kifaa kama hicho aliiona ikiwaka, na akajua pa kulenga.

Ndiyo maana wataalamu wa Marekani walielekeza nguvu kwenye kifaa kisichohitaji taa. Katika vita vya Vietnam, miaka ya 1960, ikatoka darubini ya AN/PVS-2, iliyotegemea mwanga wa mwezi na nyota. Ndani yake mirija 3 ilipangwa mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja ukiongeza mwanga uliopokelewa kutoka kwa uliotangulia. Tatizo la taa likaisha, lakini kifaa kilikuwa kirefu na kizito, karibu kilo 3. Kilifaa bunduki, hakikuvalika usoni.

Kilicholeta miwani yenyewe ni bamba la kioo jembamba lisilofika unene wa milimita 1. Mwanga ukipita kwenye lenzi hugonga utando wa kemikali, na utando huo hutoa elektroni. Umeme huzisukuma elektroni hadi kwenye bamba lililotobolewa mamilioni ya vitundu, kama sega la asali, kila kimoja kikiwa na upana wa takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Vitundu hivyo vimelazwa upande kidogo makusudi, ili elektroni isipite moja kwa moja bali igonge ukuta. Kila inapogonga hung'oa nyingine, nazo hugonga na kung'oa nyingine zaidi. Inaingia moja, zinatoka maelfu. Mwisho hupiga kioo chenye kemikali inayong'aa, na picha hutokea. Kwa miaka mingi picha hiyo ilikuwa ya kijani, rangi ambayo jicho la binadamu huitambua kwa wepesi kuliko nyingine.

Bamba hilo moja lilifanya kazi ya ile mirija mitatu, na katika miaka ya 1970 ikawezekana kuvaa miwani ya AN/PVS-5. Kizazi kilichofuata kilitumia utando wa galiamu na aseniki, unaonasa vizuri infraredi iliyomo katika mwanga wa anga la usiku.

Hata hivyo, miwani ina gharama yake. Nyingi humwonyesha mvaaji nyuzi 40 tu za upana, hivyo hulazimika kugeuza kichwa kila mara. Kukadiria umbali huwa kugumu. Vumbi nalo hailipenyi. Marubani wa Marekani walioruka kwenda kuokoa mateka Iran, Aprili 1980, walivaa miwani hiyo na bado mawingu ya vumbi la jangwani yaliwafunika. Kwenye uwanja wa jangwani, helikopta iligongana na ndege ya usafirishaji, na wanajeshi 8 wakapoteza maisha. Ndiyo sababu baadhi ya vifaa vipya huunganisha ukuzaji wa mwanga na kamera ya joto, ambayo husoma joto la mwili hata pasipo mwanga.

Leo teknolojia hii si ya jeshi moja. Katika vita vya Ukraine inatumika pande zote mbili. Leza ya infraredi ambayo askari huielekeza kwenye shabaha huonekana na kila mwenye miwani, akiwemo adui. Tatizo la mwaka 1945 limerudi kwa sura nyingine. Kwa hiyo jeshi linalonunua miwani bora bila kuwafunza askari wake lini wawashe leza na lini waizime, linawaweka hatarini wale wale linaotaka kuwalinda.