Mali kauli iliyoanzia uwanjani Bwera

KATIKA soko la Mpondwe, siku za Jumanne na Ijumaa, kuna biashara za aina mbili. Ya kwanza ni ya fedha mkononi. Wewe unahesabu shilingi, mwenzako anahesabu dola, mnakabidhiana mzigo na kila mtu anashika njia yake. Ya pili ni mali kauli. Mtu anakupa magunia ya kahawa au madumu ya mawese, hakuandikishi popote, anakuambia tu, "Utanipa ukishauza."

Wageni wanaopita hapa hushangaa. Huuliza inawezekanaje mtu wa Beni amwamini mtu wa Bwera kwa mzigo mkubwa namna hiyo, ilhali kati yao kuna mto Lubiriha, kuna forodha mbili, kuna askari na kuna historia ya vita. Wengi wetu huwajibu kwamba ni undugu, kwa kuwa Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni watu wa damu moja na lugha zao zinasikilizana.

Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Ndugu nao hudhulumiana, tena sana. Kwa sisi tuliosoma shule za bweni upande huu mwanzoni mwa miaka ya 1990, sehemu ya jibu iko kwenye mpira.

Saa ya mpira

Niliingia kidato cha kwanza mwaka 1990, katika shule moja ya bweni pale Bwera. Darasani tulikuwa mchanganyiko. Walikuwapo watoto wa wakulima wa kahawa kutoka milimani, watoto wa wavuvi wa Katwe, na watoto wa watu waliokuja Kasese kufanya kazi katika migodi ya shaba ya Kilembe, wakabaki hata baada ya migodi kusimama. Halafu walikuwapo wenzetu kutoka ng'ambo, iliyoitwa Zaire wakati huo. Wazazi wao walikuwa wamechoshwa na shule ambazo walimu wake walikaa miezi bila mshahara, wakaona heri wavushe watoto.

Siku za mwanzo kila kundi lilikaa kivyake. Wa ng'ambo walijua Kifaransa, nasi tulifundishwa kwa Kiingereza. Hata chakula kilitugawa. Sisi tuliita posho, wao waliita fufu, na kila upande uliamini wa kwao ndio unaojua kusonga. Aliyekamatwa akisema lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka amkamate mwingine.

Lakini saa kumi na moja jioni kengele ilipolia, kibao kile kilibaki darasani. Uwanjani hakuna anayetafuta Kiingereza cha kumwambia mwenzake kwamba adui yuko nyuma yake. Kilichotoka kinywani ni Kiswahili kifupi: "Toa! Rudi! Mtu nyuma!" Wengi wetu tulijifunza lugha hii kwa kupigiwa kelele namna hiyo kabla hatujaisoma kwenye kitabu chochote.

Uwanja wenyewe ulikuwa na mteremko. Aliyeshambulia kuelekea chini alikuwa na raha, na mpira uliotoka nje upande huo uliviringika hadi kwenye migomba ya jirani. Mpira wa ngozi wa shule ulitolewa siku za mechi tu. Siku nyingine tulicheza kwa mpira tuliousuka wenyewe kwa majani makavu ya migomba na kamba. Ukilowa mvua ulikuwa mzito kama jiwe, na anayethubutu kuupiga kichwa alihesabiwa kuwa mwanamume.

Ule mwaka 1990 ulikuwa wa Kombe la Dunia nchini Italia. Tuliifuata Kameruni kwa redio moja ya mwalimu wa zamu, betri zake tukizianika juani mchana ili zipate nguvu ya usiku. Siku Uingereza ilipowatoa Kameruni kwa mabao 3-2, bweni zima lililala bila kelele. Kuanzia hapo mshambuliaji wetu mmoja, kijana mfupi wa kutoka ng'ambo, hakuitwa tena jina lake. Aliitwa Milla.

Ubishi wetu mkubwa ulikuwa wa mataifa. Wale wa ng'ambo walitukumbusha kwamba nchi yao ilitwaa Kombe la Afrika mara mbili, mwaka 1968 na 1974, na kwamba mwaka huo wa 1974 ilikwenda hadi Kombe la Dunia. Sisi tulikuwa na fainali yetu moja tu, ya mwaka 1978 kule Accra, tuliyofungwa na Ghana mabao 2-0. Tulijitetea kwa kumtaja Majid Musisi wa SC Villa, na alipokwenda Ufaransa kuchezea Rennes mwaka 1992 tulivimba vichwa muhula mzima.

Tulipokwenda kucheza Kasese tulipanda lori, tumesimama, tumeshikana mabega. Barabara ilishuka hadi njia panda ya Kikorongo, jirani na mstari wa ikweta, ikapita katika hifadhi ya Queen Elizabeth ambako mara nyingine tulisimama kuwapisha tembo. Kasese tulilakiwa na joto. Vijana wa kule walikuwa wamelizoea, sisi tulikuwa na roho tu.

Golikipa na mstari

Msomaji wangu, kukaa na mtu darasani miaka sita hakutoshi kumjua. Darasani mtu anaweza kujificha nyuma ya daftari. Uwanjani, timu inapokuwa nyuma kwa mabao mawili na mvua inanyesha, hakuna pa kujificha. Yupo anayeendelea kukimbia, yupo anayeanza kulaumu wenzake, na yupo ambaye ghafla mguu wake unauma.

Nitatoa mfano mmoja. Katika fainali ya mabweni, mpira ulipigwa, golikipa wetu akaudaka, kila mtu akaendelea na mchezo. Refa, ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu, alikuwa mbali na hakuona lolote. Golikipa akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, ulikuwa umevuka mstari." Bao likahesabiwa, tukafungwa 1-0. Tulimnunia wiki nzima, na kuna waliomnyima hata chumvi.

Kijana yule leo ni mzee wa heshima pale mpakani na kazi yake ni kubadilisha fedha. Wafanyabiashara wa Kongo wanaochelewa kuvuka jioni humwachia dola zao bila risiti, wakazifuata asubuhi. Sijasikia hata mmoja aliyelalamika. Waliomnunia ndio waliokuwa wa kwanza kumletea wateja.

Vita vilipotutawanya

Tulimaliza shule mwishoni mwa 1995. Nilikuwa nikimsaidia baba dukani Mpondwe pale waasi wa ADF waliposhambulia mpakani tarehe 13 Novemba 1996. Tulikimbia na nguo za mwilini, kwanza Kasese, kisha Kampala. Upande wa pili nako vita vilikuwa vimewaka, na Mei 1997 Mobutu akaanguka. Wenzetu wa ng'ambo hatukujua nani yuko hai. Juni 1998 tukasikia habari za chuo cha ufundi cha Kichwamba, kule upande wa Fort Portal, ambako wanafunzi 80 waliteketea katika mabweni yao.

Nilirudi mwaka 2002. Waliowahi kurudi nyumbani baada ya miaka ya kukimbia wanajua hali hiyo. Kiwanja kipo lakini kimeota magugu, jirani amehama, na watoto barabarani wanakuuliza wewe ni mgeni wa nani. Mtaji sikuwa nao. Benki ilitaka hati ya ardhi, na hati ilipotea pamoja na duka.

Nikavuka daraja hadi Kasindi kuuliza habari za watu. Nikaelekezwa kwenye ghala moja la mawese. Aliyetoka humo, kitambi mbele, alikuwa Milla.

Hakuniuliza dhamana. Aliniuliza kama goti langu limepona, maana niliumia mechi ya mwisho ya 1995 na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati. Tukakaa, tukahesabu waliokufa na waliobaki. Jioni ile nilirudi Bwera na madumu 20 ya mawese ya mali kauli. Niliyauza Kasese na baada ya wiki mbili nikampelekea fedha zake zote. Akanipa madumu 40. Duka nililo nalo leo lilianzia hapo.

Urafiki huo umepita katika mengi. Juni 11, 2019 Ebola ilithibitishwa upande wetu wa Kasese, kwa mtoto aliyekuwa ametoka Kongo. Mpakani tukaacha kushikana mikono, kila mtu akanawa maji ya dawa na kupimwa joto. Siku 11 baadaye Uganda ikaifunga Kongo 2-0 kule Cairo katika Kombe la Afrika, kwa mabao ya Patrick Kaddu na Emmanuel Okwi. Usiku ule simu ikalia. "Kaka," Milla akasema, "mzigo wako utalala huku mpaka mtupe mechi ya marudiano." Kesho yake mzigo ulivuka.

Kinachopotea sasa

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 ADF walishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapa hapa Mpondwe. Bweni la wavulana lilichomwa moto. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na wengine walitekwa. Sitaandika zaidi ya hapo, kwa sababu wazazi wao ni majirani zangu na wanalisoma gazeti hili.

Tangu siku ile neno bweni limebadilika maana katika nyumba nyingi. Dada yangu alimtoa mwanawe bwenini wiki ileile. Sasa kijana anakwenda shule asubuhi na bodaboda inamfuata saa kumi na moja jioni, saa ileile ambayo sisi kengele ya mpira ilikuwa ikitutoa darasani. Simlaumu dada. Mimi pia ningefanya hivyo.

Lakini nilipomuuliza mpwa wangu ana rafiki gani kutoka Kongo, alifikiri kidogo, akasema wapo watatu darasani. Majina yao mawili hakuyakumbuka. Hilo lilinitia wasiwasi kuliko alama zake za hesabu. Miaka 20 ijayo kijana huyu atasimama sokoni Mpondwe na mtu wa Beni mbele yake, nao watakachojuana kwacho ni noti tu. Siku noti zitakapokosekana, kama zilivyokosekana kwangu mwaka 2002, nani atampa madumu 20?

Usalama wa mabweni ni kazi ya serikali, na ni haki yetu kuidai kila siku. Saa ya mpira, hata hivyo, tunaweza kuirudisha wenyewe. Wachache wetu tuliocheza pamoja tumeanza kuwakusanya vijana Jumapili alasiri, mchana kweupe, wazazi wakiwa kando ya uwanja. Wa Kasindi huvuka pamoja na watu wazima wao na kurudi kabla jua halijashuka. Golikipa wetu wa zamani ndiye refa. Hakuna kikombe wala jezi, na timu huchanganywa makusudi ili pande mbili za mto zisishindane.

Jumapili iliyopita mpwa wangu alirudi akichechemea, analalamika kuhusu beki mmoja wa Kasindi anayekanyaga watu. Nikamuuliza jina la beki huyo. Alilijua, na alijua pia kwamba baba yake anauza mbao, na kwamba baada ya kumkanyaga alirudi kumwinua na kumwomba radhi wakati refa alikuwa ameshageuka.

Nikamwambia, huyo usimpoteze.